UZI: Walicheza wavu chuoni, wakarudi kama makocha. Schumacher-Cawley, Busboom Kelly na fainali iliyovunja miaka 43

Mtenga Mpira (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Humu jukwaa la michezo kila siku ni Simba na Yanga, refa kauza mechi, kocha afukuzwe. Naomba leo mnivumilie, tuhamie kwenye mpira wa wavu, tena wa vyuo vya Marekani. Najua wengi mtauliza unatuhusu nini. Kaeni hapo hapo.

Desemba 22, 2024, ukumbi wa KFC Yum! Center, mji wa Louisville, jimbo la Kentucky. Ni fainali ya wanawake ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) daraja la kwanza: Penn State dhidi ya Louisville. Ukumbini kuna watu 21,860, na hakuna fainali ya nyuma yake iliyowahi kujaza hivyo. Benchi moja anakaa Katie Schumacher-Cawley, la pili anakaa Dani Busboom Kelly. Wote wawili walicheza wavu chuoni, na wote walibeba kombe hilo hilo wakiwa wachezaji.

Sasa sikieni hii. Mashindano haya ya NCAA kwa wanawake yalianza msimu wa 1981. Hadi 2023 mabingwa walipatikana mara 43, na mara zote 43 kocha mkuu alikuwa mwanaume. Wanaocheza wanawake, wanaolia na kukumbatiana wanawake, ila anayeitwa bosi mwanaume. Siku ile ya Louisville rekodi ilikuwa inakufa kabla hata sevisi ya kwanza haijapigwa, maana yeyote ambaye angeshinda, kocha ni mwanamke.

Magazeti yaliandika sana habari ya "wa kwanza". Mimi nataka twende nyuma ya hapo: hawa wawili walipitia wapi mpaka wakafika kwenye lile benchi? Maana hakuna kati yao aliyekabidhiwa timu kubwa kwa sababu tu alikuwa staa. Naandika kwa vipande, kazi ikiniachia.

Kibao Kata

Naweka mkeka hapa. Tiririka mkuu.

Jembe la Mkono

Voliboli tena? Haya, ngoja tuone. Usituache njiani kama yule wa uzi wa ndondi.

Mtenga Mpira

Siachi mtu njiani. Tuanze na Katie.

Ni mtoto wa Chicago. Sekondari alisoma Mother McAuley, shule ya wasichana ya Kikatoliki ambayo kwa wavu ina jina kubwa Marekani nzima. Akaenda Penn State mwishoni mwa miaka ya 1990, akacheza kama mshambuliaji wa pembeni. Kocha wake alikuwa Russ Rose, mzee aliyeishika timu ile tangu 1979.

Penn State ya wakati huo ilikuwa timu ya kulia fainali. 1993 walifika, wakapigwa. 1997 wakapigwa. 1998 wakapigwa tena, na Long Beach State. Ndipo 1999, kule Honolulu, wakaifunga Stanford seti 3-0. Hilo likawa kombe la kwanza la chuo hicho, na Katie alikuwa uwanjani.

Baada ya chuo akarudi Chicago, kwenye chuo cha Illinois Chicago, na kuanzia 2009 hadi 2016 akawa kocha mkuu pale. Wakuu, hapa ndipo watu wanaporuka haraka. Illinois Chicago si timu ya kuonyeshwa kwenye televisheni. Kwenye timu ya namna ile unasajili wasichana ambao vyuo vikubwa vimewapita, bajeti ya safari inabana, mabango ukumbini unahesabu kwa vidole. Miaka minane! Kisha 2017 akachukua timu ya Penn, msimu mmoja. Halafu 2018 akafanya jambo ambalo makocha wetu wengi wangeliona ni kushuka cheo: aliacha ukocha mkuu, akarudi Penn State kuwa msaidizi wa mzee Rose.

Nyota ya Pangani

Mkuu hapo umenichanganya. Aliacha Penn akaenda Penn State? Si kitu kimoja?

Mtenga Mpira

Hapana, na hata Wamarekani wanachanganya. Penn ni University of Pennsylvania, chuo binafsi kiko Philadelphia, kipo kwenye kundi la Ivy League ambako hawatoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Unacheza, lakini ada unalipiwa kwa sababu nyingine au unajilipia. Penn State ni chuo cha umma, kiko katikati ya jimbo, saa kadhaa kwa gari kutoka Philadelphia, na mchezo pale ni mambo ya watu wazima.

Turudi. Russ Rose alistaafu mwishoni mwa 2021. Misimu 43 (namba hii 43 inaufuata uzi huu kama mkaguzi wa mapato), ushindi mara 1,330, makombe 7. Kati ya 2007 na 2010 timu yake ilishinda mechi 109 mfululizo. Naomba mrudie kusoma hapo. Mechi mia moja na tisa bila kufungwa.

Januari 2022 kiti chake akapewa Katie. Nani anataka kurithi kiti cha namna hiyo? Ukishinda watasema timu ni ya mzee, ukifungwa watasema umeharibu urithi. Tena siku hizi mchezaji wa chuo akinuna anahama, mfumo wa uhamisho umelegezwa. Yeye aliutumia mfumo huo kujijenga: Jess Mruzik alitoka Michigan, Camryn Hannah akatoka Clemson. Wote wawili mtawakuta kwenye fainali.

Jembe la Mkono

Kuacha ukuu na kurudi kuwa msaidizi, hapo kwetu wangesema karogwa.

Mama Seti Tatu

@Jembe la Mkono ama wangesema ameshindwa kazi. Mimi nimecheza ligi Nairobi na kusema ukweli sijawahi kuona kocha akiteremka hivyo kwa hiari yake. Endelea na huyo Dani sasa, yeye ndiye mimi namjua zaidi.

Mtenga Mpira

Dani Busboom Kelly. Huyu ni wa Nebraska damu damu. Kwao Cortland, kijiji cha wakulima, kusini mwa Lincoln. Na Nebraska, kama hamjui, ni jimbo ambalo wavu wa wanawake unapendwa kuliko kawaida. Mechi za nyumbani za chuo hicho zimekuwa zikijaa tiketi zote tangu 2001. Agosti 30, 2023 waliitoa timu ukumbini wakaipeleka uwanja wa mpira wa Kimarekani, Memorial Stadium, watu 92,003 wakaja kutazama wavu. Kwa hiyo binti wa pale akivaa jezi ya Nebraska, ndoto imeishia hapo hapo.

Alicheza 2003 hadi 2006. Alikuwa seta. Kwa wasiojua, seta ndiye anayegusa mpira wa pili na kuamua nani apige smashi. Ubongo wa timu. 2005 Nebraska wakafika fainali, wakafungwa na Washington. Msimu uliofuata, mwaka wake wa mwisho, akaja seta mgeni wa mwaka wa kwanza, Rachel Holloway, na Dani akahamishwa nafasi. Akawa libero.

Fikirieni. Miaka mitatu unaiendesha timu, mwaka wa nne unaambiwa vaa jezi ya rangi tofauti, kaa nyuma, pokea sevisi, chota mipira ya smashi sakafuni. Libero haruhusiwi kuzuia wavuni, haruhusiwi kupiga smashi mpira ukiwa juu ya usawa wa wavu. Sifa zote zinaenda kwa wengine. Na kikosi kile kilikuwa na Sarah Pavan na Jordan Larson, hao ndio walikuwa wanapigwa picha.

Desemba 2006, Omaha, Nebraska wakawafunga Stanford 3-1, enzi hizo seti zinachezwa hadi pointi 30. Dani akamaliza chuo akiwa bingwa, kwenye nafasi ambayo hakuianza.

Maoni yangu, na hapa mnaweza kunipinga: ule mwaka mmoja wa libero ulimfaa kwa ukocha kuliko miaka yote ya useta. Seta anatazama mbele, anaangalia mikono ya bloku (wanaozuia wavuni) ya mpinzani. Libero anatazama kila kitu kutoka nyuma. Anaona bega la mpigaji linageuka wapi, anaona shimo kati ya wenzake wawili, na kutwa nzima anaongea: "wangu", "wako", "fupi", "nje". Kocha anafanya kazi hiyo hiyo, tofauti ni kwamba amesimama nje ya mstari.

Kibao Kata

Hapo napinga kidogo. Makocha wengi wakubwa walikuwa maseta. Seta ndiye anajua kila mchezaji anataka mpira wa urefu gani. Libero anajua kupokea tu.

Mama Seti Tatu

@Kibao Kata libero kujua kupokea tu ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kusimama nyuma. Jaribu kupokea sevisi ya kuelea ikikujia kifuani, haina mzunguko, inayumba kushoto kulia mpaka sekunde ya mwisho. Ukikosea nusu hatua, pasi inaenda kwa watazamaji na seta wako hana cha kutenga. Mimi niko na mwanzisha uzi.

Mtenga Mpira

Mary Wise anamuunga mkono @Kibao Kata, alikuwa seta pale Purdue. Nitamfikia, ni mtu muhimu sana kwenye hadithi hii.

Kwanza nimalize njia ya Dani. Alianza usaidizi Tennessee, akaenda Louisville kama msaidizi, halafu 2012 akaitwa nyumbani Nebraska chini ya kocha wake wa zamani, John Cook. 2015 wakachukua ubingwa, tena Omaha, kwa kuifunga Texas. Msimu wa 2017 akaanza kazi Louisville, safari hii kama kocha mkuu.

Louisville haikuwa timu mbovu, lakini nusu fainali ya taifa walikuwa wanaiona kwenye runinga. 2019 wakaenda Austin, nyumbani kwa Texas iliyopangwa ya pili nchini, wakaitoa kwa seti 3-2. 2021 wakamaliza msimu bila kupoteza mechi hata moja mpaka nusu fainali, wakatolewa na Wisconsin kwa seti tano. 2022 wakawa timu ya kwanza ya ACC (kundi la vyuo ambalo Louisville imo) kufika fainali, Texas wakawanyoosha. Na 2024 wakarudi fainali, safari hii mjini kwao.

Nyota ya Pangani

Swali la mtu wa nje. Kwa nini hawa mabinti wakimaliza chuo hawaendi kucheza kulipwa? Kwa mpira wa kikapu naona WNBA.

Mtenga Mpira

Swali zuri, na jibu lake linaeleza kwa nini Marekani ina makocha wengi waliotoka moja kwa moja kwenye timu za vyuo.

Kwa miaka mingi Marekani haikuwa na ligi ya kulipwa ya wavu wa wanawake iliyosimama. Unamaliza chuo una miaka 22, uko kwenye kilele cha uwezo wako, na mlango uliopo ni kupanda ndege kwenda Italia, Uturuki au Brazil. Ukiitwa timu ya taifa, sawa. Usipoitwa, unakaa mji mdogo ughaibuni, lugha huijui, mshahara wakati mwingine unachelewa. Athletes Unlimited wameanza 2021, Pro Volleyball Federation ikaanza Januari 2024, LOVB Januari 2025. Yaani juzi tu. Kizazi cha Katie na Dani hakikuwa na hizo.

Kwa hiyo mtu aliyependa mchezo na hataki kuuacha, njia iliyokuwepo ni kuwa msaidizi wa kocha chuoni. Na kazi yenyewe si kusimama na filimbi. Muda wa mazoezi kwa sheria za NCAA ni saa 20 kwa wiki msimu ukiendelea, hivyo kwa mchezaji kazi inaisha. Kwa kocha msaidizi ndiyo kwanza inaanza. Unakata video za mpinzani: huyu namba 7 akipewa mpira wa juu pembeni anapiga mstari au anakata ndani? Seta wao akibanwa anampa nani? Unaandika karatasi moja, kwa sababu mchezaji hasomi kurasa kumi. Wikendi uko kwenye ukumbi wenye viwanja hamsini, wasichana wa miaka 15 na 16 wanacheza, unatafuta mmoja. Na huyo mmoja huruhusiwi kumpigia simu ovyo, mpaka Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari. Ikifika tarehe hiyo simu za makocha nchi nzima zinalia kwa pamoja.

Ndiyo maana nasema si zawadi ya ustaa. Wapo mastaa waliojaribu mwaka mmoja wakakimbia.

Jembe la Mkono

Sasa tueleze hilo la 43. Wanawake walikuwa hawajui kufundisha au walinyimwa?

Mtenga Mpira

Hapo ndipo penyewe.

Kabla ya 1972 michezo ya wanawake vyuoni ilikuwa haina hela. Wanawake walikuwa wanaifundisha wenyewe, mara nyingi walimu wa elimu ya viungo, wengine bila malipo. Watafiti Acosta na Carpenter walifuatilia suala hili kwa miongo: mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilikuwa na kocha mwanamke. Kufikia 2014 ilibaki takriban asilimia 43.

Katikati kulitokea nini? Juni 1972 ilipitishwa sheria ya Title IX, iliyokataza ubaguzi wa jinsia kwenye elimu inayopata fedha za serikali kuu. Vyuo vikalazimika kuwapa wanawake timu, ufadhili na kumbi. Sheria nzuri sana, bila hiyo Katie na Dani wasingesoma kwa wavu. Lakini hela zilipoingia, kazi ya ukocha ikawa na mshahara wa maana, na ikawa kazi ya wanaume pia. Idara za michezo za wanaume na wanawake zikaunganishwa, mkuu wa idara akawa mwanaume, naye akaajiri watu anaowajua. Chama cha wanawake wenyewe, AIAW, ambacho ndicho kiliendesha ubingwa kabla, kikafa 1982 baada ya NCAA kuanzisha mashindano yake. Chini ya AIAW wanawake walikuwa wanachukua makombe kama makocha: Mary Jo Peppler aliipa Utah State ubingwa wa 1978. Ile "mara ya kwanza" ya 2024 ni ya kwanza kwa hesabu za NCAA. Magazeti mengi hapo yalipita kimya.

Sasa Mary Wise. 1981, mwaka ule ule NCAA inaanza, binti wa miaka 21 aliyetoka kucheza Purdue anapewa timu ya Iowa State. Miaka 21! Kuna wachezaji wake walikuwa rika lake. 1991 akaenda Florida, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwanzoni mwa 2025. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufikisha timu fainali ya NCAA, 2003, akafungwa na USC. Akarudi fainali 2017, akafungwa na Nebraska. Kwa karibu miaka ishirini, mpaka Dani alipofika 2022, alikuwa peke yake kwenye meza ile, na hakula. Ninapoona picha za Katie na kombe huwa namkumbuka huyu mama kwanza.

Kibao Kata

Mkuu kwa hilo la Mary Wise nimenyoosha mikono. Haya tupeleke fainali.

Mtenga Mpira

Kabla ya fainali, nusu fainali, kwa sababu ndiyo mechi iliyonitoa jasho.

Na kabla ya nusu fainali, jambo moja. Msimu wa 2024 ulipokuwa unaanza kunoga, Katie aligundulika ana saratani ya matiti, hatua ya 2. Oktoba akautangazia umma. Akaendelea kuongoza timu huku anapata tiba ya kemo. Nywele zikaondoka, na kwenye picha zote za fainali mtamwona hivyo, kichwa wazi, mikono kifuani, macho uwanjani. Sitalipamba hili. Wengi wetu humu tuna mama au dada aliyepita huko Ocean Road au Muhimbili, tunajua wiki ya kemo inafananaje.

Nusu fainali Desemba 19, Penn State na Nebraska. Nebraska wanachukua seti mbili za kwanza. Penn State wanajitutumua wanachukua ya tatu. Ya nne Nebraska wanaongoza 22-16. Wavu mnaujua, kwenye 22-16 watu wanaanza kutafuta funguo za magari. Penn State wakarudi pointi kwa pointi, wakaokoa pale ambapo mpira mmoja tu ungewatoa, wakashinda seti 28-26. Ya tano 15-13. Nebraska ya John Cook ikaenda nyumbani, na mwezi uliofuata mzee akastaafu.

Upande wa pili Louisville waliitoa Pittsburgh, lakini kwa gharama: nyota wao Anna DeBeer akaumia kifundo cha mguu. Fainali hakucheza.

Fainali yenyewe: 25-23 Penn State. Seti ya pili ilikataa kuisha, Louisville wakaichukua 34-32. Ya tatu Penn State 25-20, ya nne 25-17. Mruzik peke yake smashi 29 za pointi. Ukiangalia marudio, tazama mchezo wa Louisville baada ya ile seti ndefu. Walikuwa wamemwaga kila kitu kuipata, na bila DeBeer hapakuwa na mtu wa kupewa mpira mgumu. Pasi mbovu ikija, mpira wa juu unapelekwa pembeni, bloku ya Penn State inawasubiri. Dani alibadilisha watu, akapanga upya, lakini mbele ya Mruzik aliyewaka namna ile kulikuwa na kidogo cha kufanya.

Kombe la 8 kwa Penn State. Katie akawa amelibeba kama mchezaji 1999 na kama kocha mkuu 2024, chuo kile kile.

Mama Seti Tatu

Nimesoma nikiwa kwa matatu nikapita steji yangu.

Niongeze ya kwetu. Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, wameenda Olimpiki 2000, 2004, Tokyo na Paris. Tokyo kocha alikuwa Mbrazili, Luizomar de Moura. Paris ikawa Japheth Munala. Wote wanaume, na sisemi vibaya juu yao, Munala ni mtu wa kazi. Lakini tuna wanawake waliocheza Pipeline, KCB na Prisons miaka kumi, kumi na mitano, wanaojua kila kitu. Wakistaafu wanarudi ofisini, kwa sababu kazi walipewa na kampuni au idara. Ukocha wa timu kubwa hawaulizwi. Marekani walichelewa 43, sisi hata hatujaanza kuhesabu.

Jembe la Mkono

Na huku Bongo je? UMISSETA mabinti wanacheza vizuri sana, baada ya hapo wanapotea.

Mtenga Mpira

@Jembe la Mkono wanaobahatika wanachukuliwa na timu za majeshi, Magereza au Jeshi Stars, wanapata ajira na mpira pamoja. Hiyo ni njia halali na imelea wengi. Kinachokosekana ni hatua ya katikati, ile ya msaidizi. Shule nyingi timu ina kocha mmoja ambaye ni mwalimu wa zamu. Akihamishwa kituo, timu inakufa siku hiyo hiyo. Hakuna msichana aliyemaliza kidato cha sita au chuo anayekaa pembeni yake miaka mitatu akijifunza kukata video hata kwa simu.

Kibao Kata

Umemsahau Karch Kiraly. Huyo alicheza UCLA, akabeba kila kitu.

Mtenga Mpira

Sijamsahau, nilimwacha makusudi kwa sababu angekula uzi wote. UCLA makombe matatu ya vyuo, dhahabu ya Olimpiki 1984 na 1988 ukumbini, 1996 ufukweni. Kama kocha, ubingwa wa dunia wa wanawake 2014 na dhahabu ya Tokyo. Na nahodha wake Tokyo alikuwa nani? Jordan Larson, yule yule aliyecheza na Dani 2006. Lakini Kiraly aliingia ukocha akiwa tayari mfalme. Njia yake hainifundishi sana mimi mwenye timu ya shule.

Nyota ya Pangani

Na huyo Dani kuikimbia Louisville kwenda Nebraska mara tu Cook alipostaafu, si usaliti? Wachezaji aliowasajili wamwangalie vipi?

Mtenga Mpira

Mwishoni mwa Januari 2025, ndiyo. Watu wa Louisville walikasirika na wana haki. Ila ningekuwa mimi ningeenda bila kufunga sanduku vizuri. Mtoto wa Cortland anaitwa na Nebraska, kiti cha mtu aliyemfundisha, utasema hapana? Msaliti ni yule anayeondoka katikati ya msimu. Yeye alimaliza, akaacha timu iliyocheza fainali mbili ndani ya misimu mitatu.

Na kwa aliyeniuliza inboksi kuhusu Katie: Julai 2025 alipokea tuzo ya Jimmy V, ya ustahimilivu, kwenye sherehe za ESPY (tuzo za michezo za televisheni ya ESPN), na bado ni kocha wa Penn State.

Mwalimu wa Zamu

Wakuu nimeupenda uzi. Swali la kiufundi. Nina seta kidato cha tatu, mfupi, ana akili sana. Mwaka huu kaja mwingine kidato cha kwanza, mrefu, mikono laini. Nifanye kama Nebraska? Naogopa kumvunja moyo yule wa kwanza.

Mtenga Mpira

Mwambie wewe mwenyewe kabla hajaisikia bwenini, na mwambie kwa nini. Halafu mjaribu ulibero kwenye mechi za kirafiki, usisubiri mashindano. Wiki mbili za kwanza mpe kupokea sevisi tu, kutoka kila pembe, huku yule mrefu anatenga mipira anayomletea yeye. Watazoeana. Muache aendelee kuita mchezo kwa sauti, usimnyang'anye hilo, ndilo analolijua kuliko mgeni.

Angalizo moja: ukitazama mechi za vyuo vya Marekani utaona libero anapiga sevisi. Sheria zao zinaruhusu kwenye mzunguko mmoja. Sisi tunatumia za FIVB, shirikisho la wavu duniani, libero hapigi sevisi kabisa, refa atawapa wapinzani pointi. Na jezi yake iwe ya rangi tofauti na ya wenzake. Usimvalishe kizibao cha mazoezi juu ya jezi ya timu ukadhani umemaliza.